Kumfuata Mvulana wa Turkana: umri na maradhi yanavyosomwa kwenye mifupa, Nairobi hadi Nariokotome

Haya yameandikwa baada ya kurudi, kutokana na daftari la njiani na picha za simu. Njia ni ya Nairobi, Kitale, Lodwar, Kalokol hadi Nariokotome, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Kilichotutoa nyumbani ni swali moja. Kiunzi kimoja cha mifupa, mojawapo ya vilivyokamilika zaidi katika masalia ya binadamu wa kale, kimewahi kupewa umri wa miaka 8, 11, 13 na 15, na kila aliyetaja umri wake alikuwa na hoja. Kiunzi hichohicho kimewahi kusemwa kina kilema cha uti wa mgongo, halafu kilema hicho kikaondolewa. Anayetaka kujua mifupa inaweza kusema nini na inakataa kusema nini, aanzie kwa kijana huyu.

Jumatatu, Nairobi

Ingia Makumbusho ya Taifa asubuhi mapema, kabla mabasi ya shule hayajafika. Chumba cha mafuvu si kikubwa, na darasa moja likishaingia hupati tena pa kusimama mbele ya kioo. Simu iwe na salio la kulipia mlangoni.

Kwenye orodha, kijana huyu ni KNM-WT 15000: makumbusho ya Kenya, Turkana Magharibi, kisha nambari. Kamoya Kimeu ndiye aliyeona kipande cha kwanza mwaka 1984, kipande kidogo cha paji la uso ambacho rangi yake haikutofautiana sana na changarawe iliyokizunguka. Kilichofuata ni fuvu, taya, mbavu, pingili, nyonga, mikono na miguu. Viganja na nyayo karibu vyote havikupatikana. Ni Homo erectus, jamii ya binadamu wa kale, wa miaka milioni 1.5 hivi iliyopita.

Anza na meno. Magego ya pili ya kudumu yameshatoka, ya tatu bado, na juu kuna chonge ya utotoni ambayo haijang'oka. Kwa mtoto wa leo, gego la pili hutoka karibu na miaka 12 na chonge ya juu hubadilika miaka 11 au 12. Ukimpima kwa kanuni zetu, meno yanasema 11.

Sasa shuka kwenye kiwiko. Mifupa mirefu ya mtoto hukua kwa ncha zilizotenganishwa na shina kwa tabaka la gegedu. Ukuaji ukiisha, gegedu hugeuka mfupa na ncha inagandana na shina. Kiwiko hutangulia, na cha kijana huyu kilikuwa kimeanza kuungana, ilhali kichwa cha paja kilikuwa bado kimeachana. Kwa kanuni zetu hiyo ni miaka 13 hivi. Kisha kimo: karibu sentimita 160 alipokufa, na kwa kanuni zetu kimo hicho kilisomwa kuwa cha mvulana wa miaka 15 hivi.

Umri wa 8 umetoka ndani ya jino lenyewe. Enameli, gamba gumu la nje la jino, hutandazwa kwa vipimo vya siku moja moja, na kila siku huacha mstari unaoonekana kwa darubini. Juu ya mistari hiyo ya siku kuna mingine mipana zaidi, ambayo kwa binadamu wa leo hujirudia kila baada ya siku 6 hadi 12, mara nyingi 8 au 9. Inapofika kwenye uso wa jino hujitokeza kama mifereji midogo inayoweza kuhesabiwa bila kulikata jino. Hesabu ya aina hiyo haihitaji kumlinganisha kijana na mtoto wa leo. Inahesabu muda uliopita kweli, na inaishia karibu na miaka 8.

Kwa hiyo namba hizo nne hazikugongana kwa sababu mmoja wa wapimaji alikuwa mzembe. Tatu kati yake ni majibu ya swali lisilotamkwa: kama angekua kama sisi, angekuwa na miaka mingapi? Hakukua kama sisi. Utoto wetu mrefu, wenye ukuaji wa polepole na kisha mruko wa ghafla wakati wa balehe, yeye hakuwa nao kwa kiasi kile. Kila kanuni ya umri ina watu waliopimwa ili kuitengeneza, na kosa kubwa zaidi katika kazi hii ni kuwasahau watu hao.

*Kwa atakayepima mifupa ya watu wa karibuni:* meno yanayoendelea kuumbika ndiyo ya kuaminiwa kwanza, na kuumbika kwa taji na mzizi kwenye eksirei ni bora kuliko kutoka kwa jino kwenye ufizi, kwa maana kutoka kunacheleweshwa na jino la utotoni lililong'oka mapema au taya iliyobanana. Kwa mtoto mchanga unaweza kusema miezi. Kwa kijana acha nafasi ya mwaka mmoja au miwili kila upande. Mpangilio wa kuungana kwa ncha ni kiwiko, kisha nyonga, kifundo cha mguu, goti, kiganja cha mkono na bega. Ncha ya mtulinga upande wa kifuani hufunga mwisho, katika miaka ya ishirini. Wasichana hutangulia wavulana kwa mwaka mmoja hadi miwili, na jinsia ya mtoto haisomeki vizuri kwenye mifupa yake. Andika umri kama kipindi, toka miaka fulani hadi fulani, usiandike namba moja.

Kabla ya kutoka tulisoma habari za Mtoto wa Panga ya Saidi, aliyezikwa kwenye pango huko Kilifi miaka 78,000 hivi iliyopita. Mifupa yake ilikuwa imelegea kiasi cha kumomonyoka ikiguswa, hivyo walimtoa na udongo wake ndani ya bonge la plasta, na sehemu kubwa ya kazi ikafanywa maabara na kwa eksirei za tabaka kwa tabaka (CT). Meno ndiyo yaliyompa umri: miaka 2 na nusu hadi 3.

Jumanne, Nairobi hadi Kitale

Siku nzima ya basi, Nakuru na Eldoret zikipita dirishani. Kitale jioni ni baridi; beba sweta ingawa unakwenda Turkana.

Chakula cha usiku kilikuwa chapati na maharagwe, na mazungumzo yalikuwa juu ya KNM-ER 1808, mifupa iliyopatikana Koobi Fora, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1973. Ni mtu mzima, anayedhaniwa kuwa mwanamke kutokana na umbo la nyonga. Juu ya mifupa yake mirefu kuna tabaka la mfupa mwingine, mnene na usio na mpangilio, umelalia juu ya ule wa kawaida.

Tabaka hilo ni mahali pazuri pa kujifunza namna ugonjwa unavyosomwa. Mfupa una majibu machache: unaweza kujenga, kula, au kufanya yote mawili. Utando unaoufunika ukikasirishwa, hujenga haraka, na mfupa wa haraka huwa mbovumbovu, una matundu, nyuzi zake hazina mwelekeo. Mgonjwa akiendelea kuishi, mfupa huo hupangwa upya na kuwa laini na mnene. Ukiona ule usiopangwa juu kabisa, ugonjwa ulikuwa unaendelea alipokufa. Ukiona uliopangwa, alipona au aliishi nao muda mrefu. Hilo unaweza kulisema kwa uhakika hata kabla ya kujua ugonjwa wenyewe.

Kuutaja ugonjwa ni kazi nyingine. Maelezo ya mwaka 1982 yalisema ni sumu ya vitamini A iliyozidi, pengine kwa kula maini ya wanyama walao nyama: damu huvuja chini ya utando wa mfupa, kisha bonge la damu hugeuka mfupa. Baadaye mwingine akapendekeza mabuu ya nyuki kuwa chanzo cha vitamini hiyo. Mwingine akasema ni buba. Buba pia hujenga tabaka kwenye miundi na mifupa mingine mirefu, na binamu yake, kaswende, hufanya hivyohivyo. Mjadala haujafungwa, na hauwezi kufungwa kwa kuutazama mfupa mmoja zaidi na zaidi. Kinachotenganisha magonjwa yanayofanana ni *mtawanyo*: mifupa gani imeguswa, pande zote mbili au mmoja, shina au maungio, na ipi imeachwa. Kiunzi kisichokamilika kinakunyima jibu hilo hilo unalolihitaji.

Jumatano, Kitale hadi Lodwar

Tuliondoka alfajiri kwa gari la abiria, nauli shilingi 1,500 kwa kila mmoja. Ondoka mapema. Barabara ni ya lami, inapanda Kapenguria, inashuka kwenye bonde la Marich, halafu Kainuk na Lokichar. Sehemu ya Kainuk ina historia ya ujambazi, na madereva wenyeji hawapendi kuipita giza likiingia. Uliza hali ya usalama Kitale kabla ya kulipa.

Gurudumu lilipasuka kabla ya Lokichar, mahali pasipo na mti. Mama mmoja aliyekuwa akitembea na watoto wake akatuonyesha banda lake, tukakaa kivulini hadi gurudumu likabadilishwa. Tulipotaka kumpa pesa akakataa. Akakubali maji, chupa mbili, kwa ajili ya watoto.

Lodwar joto halipungui hata jua likizama. Chagua chumba chenye feni na uihakikishe inafanya kazi kabla ya kulipa.

Alhamisi, Lodwar

Siku ya kutafuta gari. Hii ndiyo gharama kubwa ya safari nzima, na bei inategemea mafuta yapo upande wa nani, dereva analala wapi, na siku ya kurudi inahesabiwaje. Maliza yote matatu kwa mdomo, kisha yaandike kwenye ujumbe wa simu ambao pande zote zina nakala. Sisi tuliungana na mwalimu aliyekuwa akirudi kwao kaskazini, akachangia mafuta na kutuamulia bei kwa Kiturkana. Bila yeye tungelipa zaidi.

Mchana tulipitia taarifa za Nataruk, kusini-magharibi mwa ziwa. Hatukwenda huko. Mwaka 2012 watafiti walikuta mifupa ya watu wasiopungua 27, wa miaka 10,000 hivi iliyopita, wakiwa hawakuzikwa, wamelala kandokando ya lililokuwa ziwa dogo la pembeni. Viunzi 12 vilikuwa bado vimeungana, na 10 kati yake vilielezwa kuwa na majeraha ya kifo: mafuvu yaliyovunjwa, mikono, magoti na mbavu zilizovunjika, na kipande cha jiwe la obsidiani kilichokwama kwenye fuvu. Mwanamke mmoja alikuwa na mifupa ya kichanga tumboni, mimba ya miezi 6 hadi 9.

Taarifa ilitoka Januari 2016, na mwaka huohuo wengine wakaipinga: baadhi ya mipasuko ya mafuvu, walisema, yaweza kuwa ya uzito wa udongo baada ya kifo. Waliochimba wakajibu. Yeyote anayesoma majeraha kwenye mifupa lazima apitie njia hii, kwa hiyo tuiseme wazi. Mfupa mbichi una protini na unyevu, hivyo hupinda kidogo kabla ya kukatika. Mpasuko wake huwa na kingo laini na zenye ncha, hukata kwa mshazari, na vipande vinaweza kubaki vimeshikana kwenye bawaba. Kwenye fuvu mistari hukimbia kutoka mahali palipopigwa, na ndani ya fuvu tundu huwa pana kuliko nje. Mfupa mkavu hukatika karibu na pembe mraba, kingo zikiwa na mikwaruzo, na uso wa mpasuko huwa na rangi nyepesi kuliko ngozi ya mfupa ikiwa umevunjika karibuni. Tatizo liko katikati: mfupa hubaki na sifa za ubichi kwa muda baada ya kifo, kwa hiyo "wakati wa kifo" kwenye ripoti ni kipindi kinachoweza kuchukua wiki au miezi. Ukingo ulioanza kuviringika kwa mfupa mpya ndio unaothibitisha mtu aliishi baada ya jeraha, na ishara hiyo huchukua wiki moja au mbili kuonekana.

Watoto wa Nataruk walipewa umri kwa meno. Kwa watu wazima mambo hubadilika, kwa kuwa hakuna tena kinachokua; unasoma kinachochakaa. Uso wa mifupa ya kinena, pale nyonga mbili zinapokutana mbele, huanza na matuta na mifereji, kisha hujaa, hupata ukingo, na mwishoni hubomoka. Mfumo unaotumika zaidi una hatua sita, na ulitengenezwa kwa maiti zilizochunguzwa Los Angeles. Kwa wanaume, hatua ya kwanza ni miaka 15 hadi 23. Hatua ya nne ni 23 hadi 57. Hatua ya sita ni 34 hadi 86. Soma tena upana wa vipindi hivyo. Anayekuambia kwamba mfupa wa kinena unaonyesha mtu alikufa akiwa na miaka 47 amekuambia zaidi ya anachokijua. Kwa mzee ongeza mahali nyonga inapokutana na sakramu, mfupa ulio chini ya uti wa mgongo, ambapo hudumu vizuri zaidi ardhini, na ncha za mbavu. Mishono ya fuvu iache ya mwisho. Hufunga bila nidhamu. Kusagika kwa meno ni kipimo cha chakula kabla ya kuwa kipimo cha umri, na unga uliosagwa kwenye jiwe humfanya kijana aonekane mzee.

Ijumaa, Kalokol, Kataboi, Nariokotome

Kalokol tulikula samaki wa kukaanga na ugali, shilingi 400 sahani, samaki akiwa ametoka ziwani asubuhi hiyo. Jaza maji hapa. Baada ya Kataboi usitegemee duka lolote.

Kuelekea kaskazini barabara ni mchanga na mawe, inakatwa na laga moja baada ya nyingine. Laga ni mto usio na maji hadi mvua inyeshe milimani, na mvua hiyo huioni ulipo. Mbele yetu moja lilikuwa limejaa ingawa anga ilikuwa wazi. Kulikuwa na lori limesimama, na dereva wake, mzee mwenye fimbo, akatuambia tusijaribu hadi jiwe alilotuonyesha litokeze. Tulisubiri hadi alasiri. Akatukaribisha chai ya maziwa ya ngamia, na hakutuacha tuvuke kabla yake.

Nariokotome kuna kumbukumbu ya kijana huyu karibu na mahali alipochimbwa, ukingoni mwa laga lenye jina hilo. Usitarajie shimo lenye mifupa. Kila kitu kipo Nairobi. Cha kutazama ni mahali penyewe: udongo wa kinamasi wa kale, tambarare, chini ya miguu ya wanyama. Mifupa yake ilikuwa imetawanyika na mingine kuvunjwa kabla ya kufunikwa, pengine kwa kukanyagwa na wanyama wakubwa majini.

Hapo ndipo habari ya uti wa mgongo inapoeleweka. Mwaka 2001 ilipendekezwa kwamba pingili na mbavu zake hazilingani kulia na kushoto, na kwamba alikuwa na ulemavu wa ukuaji wa mifupa. Kama ni kweli, hakuna aliyeweza kumtumia tena kama mfano wa jamii yake. Kila kipimo cha kifua, cha uwazi wa pingili, cha kimo kingekuwa kipimo cha mgonjwa. Baadaye mbavu zikapangwa upya, vipande vingine vikarudishwa mahali pake, na kutolingana kukapotea kwa kiasi kikubwa. Kilichobaki kinaelezwa vizuri zaidi kama jeraha la sahani ya gegedu iliyo kati ya pingili za kiunoni, la aina inayowapata vijana wenye kazi nzito. Ubavu ukiwekwa nafasi moja juu au chini ya pale ulipokaa unaleta mpindo ambao mwenye mwili hakuwahi kuwa nao. Kwa hiyo kabla ya kuandika ugonjwa wa uti, panga pingili kwa nyuso za maungio, moja ishike ijayo, na usilazimishe. Panga mbavu kwa pembe na shingo zake. Kisha muite mtu mwingine azipange upya bila kuona mpangilio wako.

Ugonjwa ambao haujaondolewa ni mdogo kwa macho. Kwenye taya la chini, karibu na mahali gego la utotoni lilipong'oka, mfupa umeliwa na usaha. Imependekezwa kwamba maambukizi hayo yaliingia damuni na kumuua. Yawezekana. Ila maambukizi ya damu huua kwa siku chache, na mfupa huhitaji wiki kujibu, kwa hiyo hayaachi alama yoyote. Ndivyo ilivyo kwa malaria inayoua haraka, kipindupindu na surua. Mifupa misafi kabisa yaweza kuwa ya mtu aliyekufa haraka, na mifupa yenye vidonda vilivyopona ni ya mtu aliyekuwa na nguvu ya kutosha kuishi hadi vidonda vipone. Wanaohesabu "afya ya kijiji" kwa kuhesabu mifupa yenye alama wanapaswa kulifikiria hilo kabla ya kuchora jedwali.

Tulilala kwenye mahema kwa idhini ya wenyeji. Omba idhini kabla ya jua kuzama, na kwa mzee wa mahali hapo. Dereva haitoshi.

Jumamosi, kurudi

Laga lilikuwa kavu kama halikuwahi kuwa na maji. Lodwar tulifika mchana.

Njiani, karibu na Nachukui, palikuwa na kipande cha mfupa juu ya changarawe, kizito na cheusi kidogo, na kuna wasafiri ambao wangekitia mfukoni. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inavilinda vitu vya aina hii, na kuchimba kunahitaji leseni. Utafiti wowote unahitaji pia kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukikutana na kitu kama hicho, usikiinue. Kipande kilichohama hupoteza tabaka lake, na tabaka ndilo linalobeba tarehe. Weka kitu chenye urefu unaojulikana kando yake, piga picha ya karibu, kisha moja ya mbali inayoonyesha ukingo au mti, na chukua majiranukta ya mahali hapo (GPS) kwenye simu. Angalia kama kuna vipande vingine upande wa juu wa mteremko, kwa sababu vinavyoonekana chini vimeteremka na maji. Tuma yote kwa Makumbusho ya Taifa Nairobi. Kama mfupa unaonekana mpya, mweupe, wenye mafuta au nguo karibu, hilo ni la polisi kwanza: usikanyage eneo, mtu mmoja abaki, mwingine aende kupiga simu penye mtandao.